Profesa Wenzake

Jumatatu asubuhi, kabla sijashusha hata mkoba begani, simu ya maktaba iliita. Alikuwa katibu muhtasi wa Mkurugenzi, mwanamke ninayempenda kwa sababu hana salamu ndefu.

"Dada, nipe anwani ya Profesa Wenzake."

"Profesa nani?"

"Wenzake. Mkurugenzi anataka awe mgeni rasmi siku Taasisi inatimiza miaka hamsini. Barua nimeshachapa, imebaki bahasha."

Nikamwambia simjui. Akaguna.

"Wewe ndiye mkutubi, halafu humjui? Si ndiye wa kwanza kwa wingi wa machapisho kwenye ile orodha ya watunzi uliyotuletea Ijumaa? Machapisho mia mbili na kumi na nne! Anayemfuata ana thelathini na moja. Tena mwenyewe hachagui: maharage, kwato za ng'ombe, samaki wa mabwawa, udongo, mpaka meno ya watoto. Mkurugenzi anasema mtu kama huyu tusipomheshimu akiwa hai tutajuta."

Nilivuta kiti nikakaa. Tayari nilishaelewa.

"Usiitume hiyo barua," nikasema.

"Kwa nini? Amefariki?"

"Hajazaliwa."

Kosa lilikuwa langu, kwa hiyo nitalieleza mwenyewe. Maktaba yetu ni ya taasisi ya utafiti. Kila makala inayochapishwa na watu wetu kwenye jarida lolote tunaiandikia ingizo kwenye katalogi: nani ameandika, kichwa cha makala, jina la jarida, juzuu, mwaka, ukurasa. Zamani maingizo yote yalikuwa kwenye kadi, na kadi ni ndogo kama kiganja. Watunzi wakizidi watatu, walionitangulia waliandika jina la wa kwanza tu, kisha "na wenzake", wakafunga droo. Miaka kumi na moja iliyopita tukahamishia kadi kwenye kompyuta. Fundi aliyetuletea programu akaniuliza, "Mama, mashine itajuaje mtunzi mmoja ameishia wapi na mwingine ameanzia wapi?" Mimi, na diploma yangu ya ukutubi ukutani, nikamjibu haraka haraka maana nilikuwa na mtoto wa kumchukua shule: "Angalia neno 'na'. Ukiliona, kata hapo. Anayefuata ni mtunzi mwingine."

Akakata. Mashine ikafanya ilivyoambiwa. Nilikagua kadi hamsini za mwanzo, zikawa za mtunzi mmoja na za watunzi wawili, safi kabisa, nikatia sahihi. Na kwa kuwa W iko mwisho wa alfabeti, na kwa kuwa hakuna mtu anayesoma orodha ya watunzi kutoka mwanzo hadi mwisho kwa starehe zake, Wenzake akakaa humo miaka kumi na moja akiongeza machapisho kimya kimya, hana mshahara, hana ofisi, hana hata picha.

"Kwa hiyo nimwambie nini Mkurugenzi?" aliuliza katibu muhtasi. Nilimsikia anavyojibana asicheke.

"Mwambie ukweli."

"Dada, Mkurugenzi anasema walishawahi kusalimiana kwenye mkutano. Anasema ni mrefu, ana kipara."

Hapo tulivunjika mbavu wote wawili, kila mtu na simu yake. Nilipomaliza kufuta machozi ndipo likaja lile wazo la pili, na hilo halikunichekesha.

Nyumbani kwangu anaishi mama mkwe wangu. Ana miaka sabini na miwili, na mtaa mzima, hata wanaouza vocha, wanamwita Mama Fukusi. Fukusi ni yule mdudu mdogo anayetoboa maharage, ukimimina debe unakuta kila punje ina tundu la duara kama limepigwa na fundi. Mama alifanya kazi miaka thelathini na mitatu katika maabara ya mbegu ya Taasisi hii hii kama fundi wa maabara. Kuhesabu mayai ya fukusi, kufuga fukusi, kuchora fukusi. Alipostaafu alihamia kwetu na makopo arobaini, kila kopo lina maharage, fukusi, kitambaa juu na karatasi ya tarehe. Yamepangwa barazani kwa safu.

Siku ya kwanza nilimwambia wazi, "Mama, nikimwona mdudu mmoja jikoni, wote wanahama."

Akanijibu, "Wangu hawatoki. Ukimwona jikoni, huyo ni wako."

Ndivyo tunavyoishi, na tunaelewana.

Sasa, Taasisi imetenga chumba kwa ajili ya wastaafu wanaotaka kuendelea na utafiti. Meza sita, kila moja na hadubini yake, na ufunguo. Kanuni ni fupi: mwombaji awe na machapisho yasiyopungua kumi katika orodha ya maktaba. Mama aliomba. Kuna kitu alikuwa amekiona kwenye ngozi ya maharage kwa lenzi ya mkononi, na lenzi ya mkononi haitoshi. Alitaka hadubini kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Miezi miwili iliyopita barua ya majibu ikaja. Jina lako halimo katika orodha.

Mama alikuwa akisema tangu nimeolewa, "Na mimi nimo majaridani." Mume wangu alikuwa akitabasamu tu. Mimi ilipokuja barua nilikwenda kazini, nikaandika jina lake kwenye mashine, nikapata sifuri. Jioni nikarudi nikamwambia, maana mimi sizungushi maneno: "Mama, nimetafuta mwenyewe. Humo."

Hakubisha. Aliikunja ile barua mara nne. Tangu siku hiyo hajafungua kopo hata moja. Anakaa barazani, anatazama barabara, akiulizwa anasema amechoka. Binti yangu akaniuliza kama Bibi ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, lakini nilikuwa sina uhakika.

Ndiyo maana ile Jumatatu nilikata simu ya katibu muhtasi nikaenda moja kwa moja kwenye rafu za majarida ya zamani. Nilijua bosi wa Mama alikuwa nani. Wote tunamwita Profesa Koti, kwa sababu tangu apewe koti jeupe la maabara hajalivua, hata harusini kwa mwanawe alikwenda nalo. Nilichukua ingizo lake moja la zamani, makala ya fukusi, "na wenzake", nikatafuta juzuu, nikafungua ukurasa.

Watunzi watano. Wa nne alikuwa mama mkwe wangu.

Nilisimama pale kati ya rafu mbili nikiwa nimekumbatia jarida lenye vumbi, nikasoma jina lile mara tatu, herufi kwa herufi. Alikuwemo. Walionitangulia walimkata kwenye kadi, na mimi nikamwambia humo bila kufungua hata jarida moja.

Nikapiga simu nyumbani.

"Mama, vaa viatu uje maktaba."

"Mtoto kaumia?"

"Hakuna aliyeumia. Njoo na miwani."

"Nimechoka, mwanangu."

"Mama, umo."

Kisha nikasikia kiti kinasukumwa.

Kamati ya meza ilikuwa inakaa Ijumaa saa nne asubuhi, na aliyekataliwa aliruhusiwa kuomba upya. Meza tano zilishachukuliwa, imebaki moja, na baada ya hapo hawakai tena mpaka mtu afe au achoke. Nilikuwa na siku nne. Ningeweza kufungua makala za fukusi peke yake, lakini sikutaka mtu aje aseme nimemtengenezea mama mkwe orodha. Nikakata shauri: yote mia mbili na kumi na nne, kuanzia kwato mpaka meno. Tunafungua jarida lenyewe, tunasoma majina yote, ninayaingiza moja moja, na Wenzake anapungua kila tunapomaliza.

Mama alikuja na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kusomea ule wa kwanza ukipotea. Nilimweka kwenye meza ndefu ya wasomaji, yeye anasoma kwa sauti, mimi nachapa. Mwanzo alikuwa anasoma kwa sauti ya kanisani, ya chini. Ilipofika makala ya saba alikuwa ameshasahau kwamba yuko maktaba.

"Huyu! Huyu aliogopa panya. Mtafiti wa panya, anaogopa panya! Alikuwa anapanda juu ya stuli na kalamu yake."

"Jina, Mama. Nipe jina."

Ananitajia, nachapa.

"Na huyu alikuwa dereva."

"Dereva kaandikwaje kwenye makala ya udongo?"

"Aliyajua mashimo yote. Wataalamu walilala kwenye gari, yeye anachimba. Profesa wao alikuwa mtu wa haki, akamwandika. Chapa."

Nikachapa. Siku ya kwanza tulimaliza arobaini na sita. Ya pili watu wakaanza kupita kutuchungulia. Habari zilikuwa zimeshaenea jengo zima. Mlinzi wa getini alipomwona Mama akiingia alisimama akampigia saluti, "Karibu, Profesa Wenzake!" Mama akamjibu, "Wenzake ni wewe, mimi nina jina." Mtu mmoja wa maabara ya samaki alikuja kuuliza kama kweli na yeye alikuwa ndani ya "na wenzake", tukamfungulia, tukamkuta mara tatu. Alitoka maktaba anatembea kama amepandishwa cheo. Saa moja baadaye akarudi na watu wanne, kila mtu anataka kutafutiwa. Niliwafukuza.

"Hapa si ukumbi wa matokeo," nikawaambia. "Tutafika kwenu. Mkitaka tufike haraka, nyamazeni, au mkae msome."

Wanne wakakaa wakasoma. Wafanyakazi wa kujitolea nisingepata bora zaidi.

Katibu muhtasi naye alishuka kila siku saa sita kamili kuuliza hali ya mgonjwa, yaani Wenzake. "Amebakiza mangapi?"

"Mia na tatu."

"Maskini. Siku zake zinahesabika. Mkurugenzi ameniambia nichane ile barua, lakini nimeiweka. Imeandikwa vizuri mno."

"Na kipara je?"

"Sasa anasema labda alikuwa mtu mwingine."

Kila tulipopata makala yenye jina la Mama nilipiga mstari kwenye kipande cha karatasi kando ya kibodi. Sikumwambia, ila alikuwa anauangalia mkono wangu. Jumatatu mistari miwili. Jumanne ikafika mitano. Jumatano saba. Jumatano hiyo jioni alirudi nyumbani akafungua makopo yote arobaini, akawaita wajukuu waje kushika tochi, akawagombeza kwa kupumulia karibu. Mume wangu alisimama mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umempa nini?" Nikamwambia, "Nimempa kazi."

Alhamisi saa nane mchana tulifunga jarida la mwisho. Nilibonyeza kitufe nikatafuta Wenzake: hakuna. Nikaandika jina la mama mkwe wangu na kubonyeza. Kumi.

Hazikuzidi, hazikupungua. Mimi si mtu wa kupiga vigelegele, lakini nilipiga, tena ndani ya maktaba, chini ya lile tangazo la kuomba ukimya ambalo nimelibandika mwenyewe. Wale watu wa samaki wakapiga makofi. Nilichapa orodha, ukurasa mmoja, nikamkabidhi Mama kama cheti.

Aliisoma polepole, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Kidole kikasimama kwenye mstari wa sita. Akaangalia mwaka. Akaangalia mwezi. Akavua miwani.

"Hii futa."

"Nini?"

"Hii si yangu."

"Mama, jina lako liko pale, limepigwa chapa. Nimeliona kwa macho yangu."

"Jina langu, ndiyo. Kazi si yangu. Hebu angalia miezi waliyofanya hesabu. Mimi nilikuwa likizo ya uzazi. Nilikuwa namzaa mumeo. Na mumeo, Mungu ambariki, alikuja na kichwa kama tikiti, wiki tatu sikuweza kukaa kwenye kiti, sembuse kwenye stuli ya maabara. Sikuhesabu hata yai moja. Profesa aliniweka kwa mazoea."

Nilimvuta pembeni.

"Mama, sikiliza. Kanuni inasema kumi. Ukiondoa hiyo unabaki na tisa. Tisa ni sawa na sifuri. Hakuna mtu atakayejua."

"Mimi najua. Na wewe sasa unajua. Tumeshakuwa wawili."

"Meza ni moja! Hawakai tena!"

"Mwanangu," alisema, na hakuwa amekasirika, "tumekaa siku nne hapa tunamtoa mtu ambaye hakufanya kazi. Kama ni kuandika watu wa namna hiyo, si tungemwacha tu Profesa Wenzake? Yeye alishazoea."

Nilichomwambia ni cha kikazi: kwenye katalogi siwezi kulifuta jina lake, mkutubi anaandika kilichochapwa kwenye ukurasa, hata kama ukurasa unapiga chuku. "Sawa," akasema, "wewe fanya kazi yako, na mimi nifanye yangu." Akaomba kalamu nyekundu. Kwenye fomu yake mpya ya maombi, kando ya ile makala, akapiga mstari na kuandika kwa mwandiko wake ule ulionyooka kama wa vitabu: Sikuwepo.

Nilitamani kuitafuna ile fomu. Badala yake niliipiga muhuri wa maktaba, kwa sababu ilikuwa sahihi, nikaipeleka kwa katibu muhtasi kabla hawajafunga.

Usiniulize kama nililala vizuri. Lakini Mama alilala, tulimsikia akikoroma.

Ijumaa saa nne tuliitwa wote wawili. Kamati ilikuwa watu watatu: Mkurugenzi, mhasibu ambaye hakusema neno tangu mwanzo mpaka mwisho, na Profesa Koti, amekonda, amezeeka, koti limekuwa kubwa kuliko yeye. Mimi nilibeba majarida kumi kifuani, nikayashusha mezani kwa kishindo.

Mkurugenzi alianza na mimi. "Huyu mwombaji ni nani kwako?"

"Mama mkwe wangu."

"Na orodha umeiandaa wewe."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja na majarida yenyewe. Usisome yangu. Soma yao."

Akafungua mawili matatu, akaridhika. Kisha akafika kwenye mstari mwekundu. Akausoma, akaugeuzia kwa mhasibu, akaugeuzia kwa Profesa Koti.

"Mama, hii 'sikuwepo' maana yake nini?"

Mama akaeleza. Kwa mapana na marefu akaeleza, likizo, kiti, kichwa cha mume wangu, na mimi nikiwa nimeinamisha uso maana mume wangu anafanya kazi jengo la pili na kila mtu anamjua. Alipomaliza, Mkurugenzi alikuwa na sura ya mtu aliyepewa zawadi asiyojua pa kuiweka.

"Nakuheshimu sana kwa hili," alisema. "Lakini kwa kanuni zetu, umebaki na tisa."

"Nimehesabu," alisema Mama. "Kuhesabu ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote."

Hapo ndipo Profesa Koti akaanza kucheka. Kicheko kilianzia ndani ya koti, kikapanda polepole, mpaka akashika meza.

"Ndiyo maana!" akasema. "Ndiyo maana makala ile ilikuwa mbovu! Miaka yote hii sijamwambia mtu ile moja iliharibikaje. Mayai nilihesabu mimi! Kopo moja nimelihesabu mara mbili, jingine sijalihesabu kabisa."

"Mawili hukuyahesabu," alisema Mama.

"Mawili. Huyu mama alirudi kutoka likizo, mtoto mgongoni, akafungua daftari langu, akaniambia, 'Profesa, hapa umelala.' Mbele ya wanafunzi! Akahesabu upya yote. Ikabidi tuandike kwa jarida watuchapie sahihisho."

"Tuandike?" Mama akamkata jicho.

"Uliandika wewe. Mimi nilitia sahihi. Niliona aibu hata kuliangalia."

Nilihisi masikio yanasimama. "Sahihisho? Lilichapwa?"

"Lilichapwa, mwaka uliofuata. Lakini sijui wapi, walilificha nyuma huko."

Wote wakanigeukia mimi. Na mimi nilijua kwa nini halimo kwenye katalogi. Wakutubi wa zamani hawakuyaandikia masahihisho kadi. Waliyaona ni kama viraka tu, na nguo ndiyo ile ya kwanza; hata Mama hakuwa amelihesabu lake. Na mimi niliyarithi mazoea hayo bila kuyauliza, kama nilivyorithi droo.

"Nipeni dakika kumi," nikasema.

Sijakimbia tangu nimzae wa mwisho. Siku hiyo nilikimbia. Ngazi, korido, mlango wa maktaba, rafu ya tisa, juzuu la mwaka uliofuata. Nilianza na yaliyomo: hamna. Nikaenda nyuma, baada ya faharasa, baada ya matangazo ya vifaa vya maabara. Ukurasa wa mwisho kabisa, maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa. Sahihisho. Nusu ukurasa. Jedwali jipya, mistari kumi na minne, na juu yake majina mawili.

La kwanza lilikuwa la Mama.

Nilirudi nikihema, viatu nimevishika mkononi, nikaliweka jarida wazi mbele ya Mkurugenzi. Alilisoma. Profesa Koti alilisoma, akaanza kucheka upya. Mhasibu alilisoma, akatikisa kichwa.

"Nusu ukurasa," alisema Mkurugenzi. "Hivi nusu ukurasa ni chapisho?"

"Lina kichwa," nikasema, bado natafuta pumzi. "Lina watunzi. Lina jarida, juzuu, mwaka na ukurasa. Ukinipa vitu hivyo, mimi naandika ingizo. Hakuna mahali panaposema liwe refu kiasi gani."

"Katalogi yako ndiyo iliyonipa Profesa Wenzake."

"Ndiyo iliyokupa. Hukuniambia kwamba mnafahamiana."

Kutoka chumba cha nje, ambako mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo kuliko inavyotakiwa, tulisikia katibu muhtasi akikohoa kikohozi cha uongo. Mkurugenzi aliuma midomo. Akajaribu kushikilia, ikamshinda, akacheka mpaka akavua tai.

"Kumi," akasema hatimaye, na kuandika. "Na la kumi ndilo pekee ambalo hakuna mtu anayeweza kulibishia, maana lilikuja kurekebisha la Profesa."

"Andika na hilo kwenye kumbukumbu," alisema Profesa Koti. "Andika kwamba nilihesabu vibaya. Nimechoka kulificha."

Mama hakucheka wala hakulia. Alinyoosha mkono, kiganja juu, kama mtu anayedai chenji dukani.

"Ufunguo," akasema.

Jumatatu iliyofuata tuliomba magari mawili na bado makopo hayakutosha, kwa hiyo mengine tuliyabeba. Chumba cha wastaafu kiko ghorofa ya tatu. Tulijipanga kwenye ngazi: mlinzi wa getini chini, mume wangu juu yake, watu wawili wa samaki, binti yangu, mimi, na Profesa Koti mlangoni akiwa hana kazi yoyote ila kusema "polepole". Makopo yakawa yanapita mkono kwa mkono. Mama alikuwa ndani, ameshakaa kwenye meza ya sita, ameivuta hadubini karibu, na kila kopo likimfikia analitaja tarehe yake bila kuisoma.

Mume wangu alikuwa na furaha mpaka akaanza kuimba pale ngazini.

"Wewe mwenye kichwa!" Mama akapaza sauti kutoka ndani. "Nyamaza, unawatikisa. Wanataga."

Akanyamaza. Ngazi nzima ikanyamaza. Tukaendelea kupitisha makopo, tunacheka bila sauti, mabega tu ndiyo yanatikisika.